Kilichobaki Nje ya Fremu: Lenzi Pana, Kamera ya Kipimaumbali na Mlima wa Mibirizi

Utangulizi

Wasomaji wetu wamezoea kukuta katika kurasa hizi uhakiki wa riwaya, tamthilia na tenzi. Huenda baadhi yao wakashangaa kuona kwamba safari hii tunazungumzia picha, tena si picha peke yake bali hata kioo kilichozipiga. Tunaamini mshangao huo hautadumu. Picha nayo ni matini: ina msanii wake, ina hadhira yake, ina jambo linalosemwa na namna ya kulisema. Wanafunzi wetu wamezungukwa na picha tangu asubuhi hadi usiku, na mwalimu wa lugha asipowafundisha kuzisoma, watafundishwa na wale wanaoziuza.

Wahakiki wetu wa fasihi walijadiliana kwa miaka mingi juu ya uhusiano wa fani na maudhui. Kuna waliofananisha fani na kikombe, na maudhui na kinywaji kilichomo. Wengine waliukataa mfano huo, wakasema kwamba kinywaji huweza kumiminwa katika kikombe kingine kikabaki kilekile, ilhali fani na maudhui ni kama pande mbili za sarafu moja, ambazo hazitenganishwi. Mjadala huo tunaukumbusha kwa sababu upigaji picha unaupa ushahidi ulio wazi kuliko fasihi yenyewe. Badilisha lenzi, simama palepale, mpige picha mtu yuleyule: picha haitasema neno lilelile.

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza chombo kimoja, nacho ni lenzi pana ya kizamani iliyofungwa kwenye kamera ya kipimaumbali. Swali letu ni hili: chombo hiki kinamwonyesha nini mpiga picha, na kinamwachia wajibu gani? Mahali tutakapoipimia hoja yetu ni Mibirizi, katika Wilaya ya Rusizi, sehemu iliyokuwa Mkoa wa Cyangugu, kusini-magharibi mwa Rwanda. Dai letu ni kwamba thamani ya kamera hii haimo katika uzuri wa picha zake, wala katika umri wa kioo chake. Imo katika jambo hili moja: humwonyesha mpiga picha kile anachokiacha nje. Anayeitumia hawezi kusema kwamba hakuona.

Chombo chenyewe

Kamera nyingi zilizoenea duniani tangu miaka ya 1960 zilikuwa na kioo cha ndani chenye kuakisi, hata mpiga picha akawa anatazama kupitia lenzi ileile itakayopiga picha. Kamera ya kipimaumbali haifanyi hivyo. Ina dirisha lake dogo la kutazamia, lililo juu ya lenzi na kando yake. Katikati ya dirisha hilo pana kipande kidogo chenye mwanga, ambamo kitu kimoja huonekana mara mbili, kama mtu na kivuli chake. Mpiga picha huizungusha lenzi mpaka taswira mbili zilaliane na kuwa moja. Hapo umbali umepatikana na picha itatoka kali.

Kampuni ya Leitz ya Wetzlar, Ujerumani, iliionyesha kamera ya Leica kwa umma mwaka 1925. Mwaka 1932 ilitoa Leica yenye kipimaumbali kilichounganishwa na lenzi, na mwaka 1954 ikatoa M3, ambayo iliunganisha dirisha la kutazamia na lile la kupimia. Ndani ya dirisha hilo jipya mlikuwa na mistari myeupe ya fremu. Yaliyomo ndani ya mistari ndiyo yatakayoingia katika picha. Yaliyo nje ya mistari yanaendelea kuonekana kwa jicho, lakini filamu haitayapokea. Mpiga picha anamwona mtoto akija mbio kabla hajaingia katika fremu. Anamwona pia mzee aliyesimama hatua mbili kando, ambaye hatakuwemo. Mwenye kamera ya kioo cha kuakisi huona ukuta mweusi kila upande wa picha, na dunia kwake huishia pale fremu inapoishia. Mwenye kipimaumbali huona fremu ikielea ndani ya dunia iliyo kubwa kuliko hiyo fremu.

Hatuna budi kueleza kwamba faida hii hupungua kadiri lenzi inavyopanuka. M3 ilikuwa na mistari ya lenzi za milimita 50, 90 na 135. Aliyetaka kutumia lenzi pana ya milimita 35 alitengenezewa lenzi yenye miwani yake ya kukaa mbele ya dirisha, mpaka ilipotoka kamera ya M2 yenye mstari wa milimita 35 ndani yake. Kwa lenzi ya milimita 21, iliyo pana zaidi, ilibidi kubandika dirisha jingine juu ya kamera: umbali unapimwa katika dirisha moja, kisha jicho linahamia dirisha la pili kupanga picha. Kwa hiyo hoja yetu inasimama kwa nguvu zaidi kwenye lenzi ya milimita 35, na kwa nguvu kidogo kwenye ile ya 21.

Kwa nini basi lenzi pana na kamera hii zilipatana sana? Kwa sababu hakuna kioo cha kuakisi kinachojaza nafasi iliyo nyuma ya lenzi. Fundi aliweza kuisukuma lenzi ndani mpaka karibu na filamu, na hivyo kutengeneza lenzi ambayo nusu yake ya nyuma inakaribia kufanana na ya mbele. Lenzi ya namna hiyo huacha mistari iliyonyooka ibaki imenyooka. Super-Angulon ya milimita 21, iliyotengenezwa na Schneider wa Kreuznach kwa ajili ya Leica kuanzia mwaka 1958, ni mfano mmojawapo. Jupiter-12 ya milimita 35, iliyotoka Urusi ya Kisovieti na kufuata muundo wa Biogon wa kampuni ya Zeiss, ni mfano mwingine, nao uliwafikia watu wengi wasioweza kununua Leica.

Kuna kasoro moja ambayo kila aliyetumia kamera hii anaijua. Kwa kuwa jicho halitazami kupitia lenzi, mtu anaweza kusahau kuondoa kifuniko cha lenzi, akapiga picha mchana kutwa, akaona kila kitu vizuri dirishani, na filamu ikatoka tupu. Jicho limeona, chombo hakikuona. Wahenga walisema macho hayana pazia. Walikuwa hawajaiona kamera, ambayo pazia lake huweza kufungwa mwenyewe asijue. Kasoro hiyo tuikumbuke, kwa maana tutairudia.

Tabia tatu za lenzi pana

Tabia ya kwanza ni kumlazimisha mpiga picha asogee. Hesabu yake ni rahisi. Mtu mzima mwenye urefu wa mita 1.7, akisimama wima na picha ikipigwa kwa ulalo, ataijaza fremu toka unyayo hadi utosi kwa lenzi ya milimita 135 akiwa umbali wa karibu mita 9.5. Kwa lenzi ya milimita 50 umbali huo ni mita 3.5, kwa lenzi ya milimita 35 ni mita 2.5, kwa lenzi ya milimita 21 ni mita 1.5 tu. Mita moja na nusu ni umbali wa kupeana mkono. Mwenye lenzi ndefu aweza kumpiga mtu picha kutoka ng'ambo ya barabara bila yeye kujua. Mwenye lenzi pana hana njia: ama atoe salamu, ama aonekane hana adabu. Fani hapa imezaa maudhui, kwa sababu uso wa mtu aliyesalimiwa si sawa na uso wa mtu aliyeviziwa.

Tabia ya pili ni kuingiza mazingira. Lenzi ya milimita 35 huona pembe ya nyuzi 63 hivi, kutoka kona hadi kona ya picha. Ya milimita 21 huona nyuzi 92. Tena lenzi hizi zikifungwa tundu hadi f/8, huhitaji hata kupima umbali kwa makini. Ile ya milimita 21 ikiwekwa kwenye umbali wa mita 1.8 hivi, kila kitu kuanzia mita 0.9 hadi upeo wa macho kitatoka kikiwa kikali kwa kiasi cha kutosha. Mtu hatengwi na mahali pake kwa ukungu wa nyuma. Mgomba, ukuta, jirani aliyekaa kizingitini, vyote vinasomeka kama yeye anavyosomeka.

Tabia ya tatu ni ya hatari. Lenzi pana huwavuta walio pembeni. Tufe likiwa katikati ya picha hubaki duara. Likisogezwa kwenye kona huwa kama yai. Kwa lenzi ya milimita 21, kichwa kilicho kwenye kona kabisa hurefuka kuelekea kona hiyo kwa takriban mara 1.4 kuliko upana wake. Hili si kosa la fundi. Ni kanuni ya kuitandaza dunia ya duara juu ya filamu iliyo bapa, wala haikwepeki. Matokeo yake ni kwamba aliye katikati huonekana mtu kamili, na aliye ukingoni huonekana kioja. Aidha, katika lenzi nyingi za kizamani mwanga hupungua kuelekea kona, hata pembe za picha zikawa na kiza. Wa ukingoni basi amepotoshwa umbo na kunyimwa nuru kwa pamoja. Mpiga picha mwadilifu hulijua hilo kabla ya kuinua kamera, na hujiuliza ni nani atakayesimamishwa ukingoni.

Mibirizi: mlima wenye tabaka

Sasa tuipeleke kamera yetu Mibirizi. Sehemu hii katika historia ya Rwanda iliitwa Kinyaga. Hapo Mapadri Weupe walifungua misheni mwaka 1903, miaka mitatu baada ya misheni yao ya kwanza nchini, ile ya Save. Wanahistoria wa kilimo wanaikumbuka Mibirizi kwa jambo jingine: katika miaka ya mwanzo ya misheni wamisionari walipanda hapo mibuni ya arabika, ambayo asili yake ilitoka Guatemala, na aina hiyo ya mbuni hadi leo inaitwa Mibirizi. Jina la mlima likawa jina la mmea, likavuka mipaka likaenda Burundi na Kivu.

Kwa mwalimu wa Kiswahili eneo hili lina mvuto wa pekee. Bugarama iko bondeni, Kamembe iko juu ya ziwa, na ng'ambo ya mto Rusizi iko Bukavu, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya nyumbani. Lugha yetu ilipita hapa na wafanyabiashara muda mrefu kabla Bunge la Rwanda halijaifanya lugha rasmi mwaka 2017.

Tuseme mpiga picha amesimama mbele ya kanisa na lenzi pana. Akiinua kamera juu ili apate paa, kuta zitaonekana kuegemea nyuma kama zinazoanguka. Akiishika kamera sawasawa, kuta zitasimama, lakini nusu ya chini ya picha itajaa uwanja mtupu. Mwanafunzi wa kawaida wa upigaji picha atauona uwanja huo kuwa ni nafasi iliyopotea, naye atatafuta namna ya kuuondoa. Hapa tunamwomba asitishe mkono wake.

Mwezi Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walikimbilia parokia ya Mibirizi wakitumaini kwamba mahali pa sala pangewalinda. Walishambuliwa na kuuawa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa na makao yake Arusha, Tanzania, mwaka 2010 ilimtia hatiani Yussuf Munyakazi, mtu wa Bugarama, kwa kushiriki mashambulizi ya parokia ya Shangi tarehe 29 Aprili na ya Mibirizi tarehe 30 Aprili 1994, ikampa kifungo cha miaka 25. Na mwaka 2011 rufani ikathibitisha hukumu hiyo. Kwa hiyo uwanja ule hauwezi kuitwa mtupu. Anayeukata kwa sababu za urembo amefanya uamuzi wa maudhui, hata kama anadhani amefanya uamuzi wa fani.

Wala tusielewe vibaya. Hatusemi kwamba kila picha ya Mibirizi lazima iwe picha ya kifo. Watu wanaishi pale, wanalima, wanasoma, wanazaliwa hospitalini, wanaoana. Kuwanyima maisha yao ya leo ili tupate huzuni ya kupigia picha ni dhuluma nyingine. Tunachosema ni kwamba mbuni, kanisa na uwanja vimo katika dirisha moja la kutazamia kwa wakati mmoja, na mwenye kamera anaviona vyote anapoamua ni vipi vitaingia ndani ya mistari.

Juni 1994: fremu ya wageni

Mfano ulio wazi kabisa wa fremu iliyoficha ulitokea katika eneo hilihili. Tarehe 22 Juni 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 929, na kesho yake askari wa Ufaransa wa Opereshoni Turquoise waliingia Cyangugu kutokea Bukavu. Walikwenda Nyarushishi, ambako Watutsi wapatao 8,000 walikuwa wamekusanywa kambini. Waandishi na wapiga picha walifuatana nao. Miongoni mwa picha zilizosambaa ulimwenguni ni zile za makundi ya watu kando ya barabara, wakishangilia na kupeperusha bendera za Ufaransa.

Picha hizo hazikuwa za uongo. Watu walikuwepo, bendera zilikuwepo, furaha ilikuwepo. Lakini furaha ilikuwa ya nani? Shangi na Mibirizi zilikuwa zimeshanyamazishwa majuma saba na zaidi kabla. Miongoni mwa walioshangilia walikuwamo wafuasi wa serikali iliyoendesha mauaji, walioamini kwamba wageni wamekuja kuwaokoa wao. Waliokuwa na sababu ya kweli ya kuokolewa walikuwa wachache, wamechoka, nao walikuwa nje ya fremu. Hapa ndipo tunapokikumbuka kile kifuniko cha lenzi: mtu anaweza kutazama mchana kutwa na kuona kila kitu, na bado chombo chake kisiandike lile lililo muhimu.

Je, lenzi pana ingesaidia? Kidogo tu. Ingeingiza watu wengi zaidi wa barabarani, lakini haingewaingiza waliokufa. Ukweli huu ndio unaotuonya tusiiabudu fani. Pembe ya nyuzi 92 ni pana kwa mahali. Haina upana wowote kwa wakati. Kilichopita mwezi Aprili hakipigwi picha mwezi Juni. Kinaweza tu kusemwa. Kesi ya Arusha nayo ilijengwa juu ya maneno ya mashahidi waliosimama mbele ya majaji na kueleza walichokiona kwa macho yao. Mwalimu wa lugha ana haki ya kujivunia jambo hilo, na ana wajibu pia.

Wapiga picha watatu

Tuwatazame sasa wasanii watatu walioshughulikia msiba wa Rwanda, tuone kila mmoja alifanya nini na fremu yake.

Sebastião Salgado, Mbrazili aliyefariki mwaka 2025, aliijua Rwanda tangu alipokuwa mchumi wa Shirika la Kimataifa la Kahawa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Katika miaka ya 1990 alifanya kazi kwa kamera za Leica, na lenzi pana ya milimita 28 ilikuwa miongoni mwa zana zake. Mwaka 1994 alifika Benaco, Wilaya ya Ngara, Tanzania, ambako wakimbizi wapatao robo milioni walivuka mpaka wa Rusumo kwa muda wa takriban siku moja mwishoni mwa Aprili. Picha zake za Benaco, zilizoingia katika kitabu chake cha uhamaji cha mwaka 2000, zina upeo mkubwa: umati, moshi, mahema, anga nzito. Ni picha zenye fahari, na fahari hiyo ndiyo iliyozua ubishi. Mwaka 2003 mwandishi Susan Sontag wa Marekani alimkosoa Salgado kwa kutoandika majina ya watu aliowapiga picha. Kwake, kutompa mtu jina ni kumfanya awe mfano tu wa msiba. Lenzi ilimsogeza Salgado karibu na watu hao, lakini maelezo chini ya picha yaliwarudisha mbali.

Gilles Peress, Mfaransa, alichapisha mwaka 1995 kitabu kiitwacho The Silence, yaani ukimya. Picha zinafuatana ukurasa kwa ukurasa bila maelezo. Tarehe na matukio yamewekwa katika kijitabu cha pembeni. Msomaji hana maneno ya kujikinga nayo. Tunauheshimu ujasiri huo. Hata hivyo tunauliza: msomaji asiyefungua kijitabu anatoka na nini? Anatoka na hofu isiyo na mahali wala mwezi. Ukimya una nguvu kwa anayeijua habari. Kwa asiyeijua, ukimya humwacha alivyo.

Fazal Sheikh, mzaliwa wa New York ambaye baba yake ni Mkenya, alichukua njia ya tatu. Mwaka 1994 alikuwa katika kambi ya Lumasi, Tanzania, miongoni mwa wakimbizi wa Rwanda, na picha zake zilitoka katika kitabu A Sense of Common Ground mwaka 1996. Watu wanasimama mbele ya kamera kwa ridhaa yao, wanatazama moja kwa moja, na majina yao yameandikwa. Upeo si mpana, umati haumo, mbingu haina fahari. Lakini mtazamaji akiondoka anaweza kusema: nimemwona fulani.

Kwa maoni yetu Sheikh alifanya kwa jina kile ambacho lenzi pana hufanya kwa umbali: alimlazimisha msanii kufika pale alipo mtu. Tunakiri kuna wakati jina hufichwa kwa haki. Mahakama ya Arusha iliwapa mashahidi wengi majina ya siri ili wasidhuriwe. Lakini kulificha jina unalolijua ili kumlinda mtu ni jambo moja, na kutolijua kwa sababu hukuuliza ni jambo jingine kabisa.

Uzee wa kununua

Limebaki suala la ukale wa kioo. Siku hizi watu wengi hununua lenzi za miaka ya 1950 na 1960 kwa bei kubwa na kuzifunga hata kwenye kamera zisizotumia filamu. Wanazitaka kwa sababu ya kasoro zake: pembe zenye kiza, mwanga unaotawanyika jua likiwa mbele, weusi usiokolea. Picha iliyopigwa leo asubuhi hutoka kama imekaa sandukuni miaka sitini.

Katika harusi au bustani hatuna ugomvi na ladha hiyo. Mibirizi tunao. Picha ya kanisa na mibuni iliyotiwa ukungu wa mwaka 1958 humrudisha mtazamaji katika wakati ambao 1994 haijatokea. Humpa misheni, mlima na kahawa kama kadi ya posta ya enzi ya ukoloni, na kumruhusu aone huruma tamu isiyomgharimu kitu. Huo ni uzee wa kununua, si wa kuishi. Uzee wa kweli wa mlima ule umo katika vichwa vya wazee wanaoukumbuka, na kuupata ni kuuliza.

Hii haina maana kwamba lenzi ya zamani isitumike. Mtu asiye na fedha ana haki ya kutumia Jupiter-12 aliyorithi, na kioo hicho kinaweza kusema kweli vizuri. Afunge tundu hadi f/8, kona zitapata nuru zaidi na picha itakaza. Ashike kamera sawasawa ili kuta zisianguke. Asimsimamishe mtu ukingoni. Ukale wa chombo ni ajali ya mfuko. Kuutumia ili kuficha tarehe ni uchaguzi, na uchaguzi huhakikiwa.

Darasani

Tunawapendekezea walimu zoezi moja lisilohitaji kamera yoyote. Mwanafunzi akate tundu la mstatili katikati ya karatasi ngumu, upana wa sentimita 3.6 na kimo cha sentimita 2.4. Alishike sentimita 3.5 mbele ya jicho moja. Hapo ataona kwa kadiri ya lenzi ya milimita 35. Jicho la pili alifungue. Atajikuta anaona fremu na nje ya fremu kwa pamoja, kama mwenye kipimaumbali. Kisha aandike aya mbili kwa Kiswahili sanifu: ya kwanza ieleze yaliyomo ndani ya mstatili, ya pili ieleze yaliyobaki nje na sababu za kuyaacha. Mwisho aandike maelezo ya picha yenye mahali, tarehe na majina ya watu, kwa ridhaa yao.

Mwalimu atagundua kwamba aya ya pili ndiyo ngumu. Wanafunzi wengi wataandika kwamba nje hakuna kitu. Awarudishe wakatazame tena.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba lenzi pana humsogeza mpiga picha kwa mtu, humwingiza mtu katika mahali pake, na humdhulumu aliye ukingoni. Na kwamba kamera ya kipimaumbali humwonyesha mwenyewe yale anayoyaacha. Ndiyo maana tunaungana na wale waliosema fani na maudhui ni sarafu moja. Hata hivyo Mibirizi imetufundisha mpaka wa sarafu hiyo. Kuna ukweli ambao hauingii katika fremu, hata fremu iwe pana kiasi gani, kwa sababu umepita na walioubeba wameondolewa. Ukweli huo unahitaji sentensi: nani, wapi, lini, nani alifanya. Kuandika sentensi hiyo chini ya picha, kwa lugha ambayo watu wa Kamembe, Bukavu na Arusha wanaielewa, ni kazi yetu sisi walimu wa Kiswahili.